Tiketi Tano za Abiria Mmoja

Bibi yule alifika gatini Lamu na mkeka wake uliokunjwa, akampa mjukuu simu, mjukuu akamwonyesha nahodha, nahodha akanipigia mimi. "Ndoo uone mambo yako," akasema, akakata. Nilitoka Langoni mbio mbio, nikipishana na punda wa mchanga katika Usita wa Mui, nikafika nahema. Kwenye simu ya bibi mlikuwa na tiketi 5 za safari moja ya Faza: jina moja, siku moja, viti vitano tofauti. Pesa alikatwa mara moja tu. Mfumo wangu wa kukata tiketi za boti kwa simu ulisema boti ya watu 36 imejaa. Ukiitazama pale majini ilikuwa na watu 19, na tangu asubuhi wengine walikuwa wamerudishwa makwao kwa kuambiwa hakuna nafasi.

Nahodha hakugomba. Angegomba ningepata la kujibu. Aliangalia tu upande wa Manda, akasema, "Mai yapwa." Boti za kwenda kisiwa cha Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba ulio kati ya Manda na bara, na maji yakishakupwa boti yenye mzigo haipiti mle. Muda wa kuwafuata waliorudishwa haukuwepo. Akang'oa nanga na viti vitupu, na mafuta ya safari yakabaki bei ile ile.

Wa kwanza niliyemshuku ni mtoa huduma wa malipo ya simu. Usiku nilisoma kumbukumbu za seva mstari baada ya mstari, na kufikia saa nane sikuwa na wa kumshuku isipokuwa mimi mwenyewe. Huduma ya malipo ikishapokea pesa hututumia taarifa, hungoja jibu sekunde chache, na isipojibiwa hutuma tena. Ndivyo inavyopasa kufanya. Adhuhuri ile hifadhidata yetu ilikuwa nzito. Taarifa iliingia, tukakata tiketi, jibu letu likachelewa. Taarifa ikaja tena, tukakata tiketi nyingine. Kila ilipobisha hodi tuliikaribisha kama mgeni mpya.

Inafaa nieleze tulifikaje huko. Mwaka 2019 mfumo ulikuwa programu moja, hifadhidata moja, na seva moja ya kukodi. Sura yake mbaya, lakini ulifanya kazi. Kisha binamu yangu anayefanya kazi Nairobi akaja nyumbani kwa Idi, akautazama, akasema watu hawajengi hivyo siku hizi. Tukaugawa vipande sita: abiria, viti, malipo, mizigo, ujumbe mfupi na ripoti, kila kimoja na seva yake huko kwenye wingu. Boti zilizokuwa zikitutumia zilikuwa tisa. Boti tisa hazihitaji huduma sita, na nalisema wazi kwa sababu wakati ule hakuna aliyeniambia. Vipande vilivyokuwa vikiitana ndani ya mashine moja sasa viliitana kwa mtandao, na kila wito ukawa ni safari ya bahari: huenda ufike, huenda uchelewe, huenda uzame njiani.

Hata hivyo nilipokuwa najilaumu nilikosea tena. Nilidhani nikirudi kwenye programu moja, shida yote itakwisha. Binamu ndiye aliyenizindua: malipo yako kwa watu wengine, ujumbe mfupi uko kwa wengine, na simu ya wakala wa Kizingitini iko mfukoni mwake ndani ya boti isiyo na mtandao. Mfumo wetu ulikuwa umetawanyika tangu siku ya kwanza. Mwaka 1994 Peter Deutsch, akiwa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems, aliorodhesha dhana potofu ambazo waandishi wa programu huwa nazo juu ya mifumo iliyotawanyika, na ya kwanza ni ile ya kudhani kwamba mtandao ni wa kutegemewa. Mimi nilizaliwa mahali ambapo umeme ukikatika mtu huendelea na mazungumzo yake gizani bila hata kunyamaza. Nilipaswa kuwa mtu wa mwisho kuamini dhana hiyo, na niliiamini.

Ami yangu, ndugu wa baba, ana boti mbili kati ya zile tisa. Jioni ya pili nilikwenda kumwomba radhi. Tulikaa dakani, kahawa chungu ikaletwa, nikamweleza jinsi taarifa moja ilivyokuja mara tano. Alisikiliza huku akipanga risiti za mafuta. Ami si mtu wa hekima za kutungiwa mashairi; alitaka boti yake ijae, basi. Lakini aliuliza swali la kikazi: "Hiyo habari uletewayo, haina alama?"

Magunia yanayokwenda Pate kila moja lina alama ya mwenyewe: herufi ya rangi, au kitambaa kilichofungwa shingoni. Kijana wa gatini akija mara mbili kumwambia gunia la kitambaa chekundu limefika, Ami haandiki magunia mawili. Huangalia daftarini, akiona kitambaa chekundu tayari kimeandikwa, humjibu kijana "sawa" na kuendelea na kazi. Hilo "sawa" nalo lina maana, maana asipojibiwa kijana atarudi mara ya tatu.

Habari yetu nayo ilikuwa na alama. Kila malipo huja na nambari yake ya muamala, herufi na tarakimu ambazo hazijirudii. Tulikuwa tukiipokea, tukiihifadhi vizuri kabisa, na hakuna siku hata moja tuliyoitazama kabla ya kukata tiketi. Marekebisho yalikuwa mistari michache: nambari hii tumeshaiona? Kama ndiyo, rudisha tiketi ile ile ya kwanza, jibu "sawa". Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Baada ya hapo ndipo tulipotafuta kiunzi. Natumia neno hili kwa yale mafungu ya programu yanayokuja na kazi ngumu zikiwa zimeshafanywa, nawe ukaweka yako juu yake. Limetokana na kuunda, na kuunda ndiko wanakofanya mafundi wa Matondoni, ambako utakuta chombo ufukweni mataruma yako wazi kama mbavu za samaki aliyeliwa. Nilipomwambia Ami tunatafuta kiunzi alishtuka. Alisikia kiunza, ubao wa kufunikia mwanandani kaburini. Akasema, "Mambo yamefika huko?"

Tulianza na Dapr, iliyotangazwa na Microsoft Oktoba 2019 na kufikia toleo la 1.0 Februari 2021. Ubunifu wake naupenda hadi leo. Kando ya kila huduma yako husimama programu ndogo ya pembeni, mfano wa utingo, kwenye mashine ile ile. Wewe huongei na dunia. Unaongea na utingo wako tu, kwa HTTP, lugha ile ile ya kurasa za wavuti, kwenye mlango nambari 3500. Unamwambia hifadhi hili, tangaza lile, niitie huduma ya viti. Yeye ndiye ajuaye foleni iko wapi na hifadhi ni ya aina gani, na ukitaka kubadilisha hifadhi kama Redis uweke nyingine unabadilisha faili ya maelekezo, programu huigusi. Utingo kwa utingo huzungumza kwa siri iliyofungwa. Na haijali lugha, jambo lililotufaa sana kwa kuwa mimi huandika Python na binamu huandika Go, na hakuna aliye tayari kumfuata mwenzake. Wengi hudhani lazima uwe na Kubernetes kwanza, ule mfumo wa kusimamia programu kwenye mashine nyingi. Sisi tuliiendesha kwenye mashine moja pepe ya kukodi, baada ya kuzirudisha zile huduma sita kuwa mbili.

Wiki ile tulifuta mistari mingi kuliko tuliyoandika. Tulifuta vitanzi vyetu vya kujaribu tena, vilivyoandikwa kwa namna nne tofauti katika sehemu nne. Tulifuta anwani za seva zilizotapakaa kila mahali. Kuna raha fulani ya kufuta ambayo wasioandika programu hawawezi kuijua.

Mwezi uliofuata abiria wakaanza kupata ujumbe mfupi wa "boti yako inaondoka" mara tatu tatu. Mmoja alidhani ni boti tatu. Sikuwa na haja ya kusoma kumbukumbu hadi saa nane safari hii. Nilirudi kwenye maelezo ya kiunzi na nikakuta ahadi imeandikwa waziwazi: ujumbe utafikishwa walau mara moja. Neno "walau" nilikuwa nimelipita mbio. Tulikuwa tumepata chombo cha kujaribu tena kwa ustadi kuliko sisi, kwa hiyo makosa yetu nayo yalirudiwa kwa ustadi. Alama tulikuwa tumeiweka kwenye malipo peke yake. Ujumbe mfupi haukuwa na alama, wala mizigo.

Binamu alitaka tutafute kiunzi kitakachoahidi mara moja kamili. Tulibishana kwa simu hadi salio likaisha. Hoja yangu ilikuwa hii: ukimtuma mtu Kizingitini na barua, na asirudi, hujui kama barua haikufika au jibu ndilo lililozama. Ukituma ya pili, huenda wakapata mbili. Usipotuma, huenda wasipate hata moja. Hakuna nahodha wa kukutoa kwenye hali hiyo, awe hodari vipi. Linalowezekana ni kutuma tena na kuhakikisha apokeaye anaitambua ya pili kuwa ndiyo ile ya kwanza. Alikubali, ingawa hadi leo husema mimi ndiye niliyekubali.

Kazi iliyobaki ngumu ilikuwa ile ya muda mrefu. Tiketi ya Pate si jambo la dakika moja. Unashika kiti, unangoja malipo dakika 15, unakata tiketi, unangoja maji ya kesho au keshokutwa, boti inaondoka, mzigo unafika, unathibitisha. Tulikuwa na safu ya "hali" kwenye jedwali, nambari 0 hadi 7, na programu iliyoamka kila dakika kuzunguka kama mpiga daku, ikigonga kila mlango, hata wa asiyefunga. Hali ya 4 na ya 6 hakuna aliyekumbuka tofauti yake.

Hapo tukachukua kiunzi kingine, Temporal. Iliasisiwa 2019 na Maxim Fateev na Samar Abbas, waliokuwa wamejenga kiunzi cha Cadence wakiwa kampuni ya Uber. Ndani yake unaandika safari yote kama hadithi iliyonyooka: shika kiti, ngoja, kata tiketi, lala siku mbili, amka. Na kweli unaandika "lala siku mbili" na inalala, bila kushika kumbukumbu ya mashine wala kuogopa mashine kuzimwa. Siri yake ni kitabu. Kila hatua ikikamilika jibu lake huandikwa. Mashine ikifa, nyingine huchukua hadithi ile na kuisoma tangu mwanzo, ila kwa kila hatua iliyokwisha haifanyi tena kazi. Huchukua jibu kitabuni, hadi ifike pale ilipokomea.

Ukilielewa hilo utaelewa nililoharibu. Mfumo ulikuwa unaamua kama maji yamejaa vya kutosha kwa kusoma saa ya mashine, moja kwa moja ndani ya hadithi. Mara ya kwanza saa ilisema asubuhi, hadithi ikapita njia ya kulia. Iliposomwa upya jioni, saa ikasema jioni, hadithi ikapita kushoto, na kitabu kikasema kulia. Kiunzi kikagoma, na kilikuwa na haki ya kugoma. Safari zote zilizokuwa njiani zikasimama, na siku hizo zilikuwa za kuelekea Maulidi ya Riyadha, wakati Lamu hupokea wageni kutoka kila upande. Katazo hilo la kusoma saa, au kupiga kura ya bahati nasibu ndani ya hadithi, limeandikwa kwenye maelezo ambako kipofu angeliona. Saa unaiomba kwa kiunzi chenyewe, ili nayo iandikwe kitabuni.

Kosa la pili lilikuwa ndugu yake: nilibadilisha programu wakati hadithi za zamani bado ziko hai. Zilizoanza kwa utaratibu wa zamani lazima zimalizie kwa utaratibu wa zamani, na njia mpya ni kwa wapya. Huwezi kubadilisha mkuku chombo kikiwa katikati ya bahari. Hilo sikulirudia.

Lililonifunza zaidi halikuwa kosa la programu hata kidogo. Mwaka 1987 Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walieleza namna ya kuendesha shughuli ndefu: igawe hatua ndogo, na kila hatua uiandalie hatua ya kuifidia, ili jambo likikwama katikati urudi nyuma ukifidia moja moja. Nilifuata hivyo. Kiti kilichoshikwa huachiwa, pesa iliyolipwa hurudishwa. Kisha ukaja msimu wa kusi, bahari ikachafuka, safari ya Kizingitini ikaahirishwa, na mfumo wangu ukafidia kwa adabu zote: kwa dakika chache watu wote 28 walirudishiwa pesa zao na viti vikaachiwa.

Nilitegemea shukrani. Kufikia alasiri walikuwa wamejaa mbele ya duka la Ami. Hakuna aliyetaka pesa. Walitaka kwenda kesho, na viti vya kesho vilikuwa vimeshanunuliwa na watu wengine waliokaa nyumbani wakisubiri bahari itulie. Mama mmoja alikuwa na dawa za mumewe mkononi. Desturi ya gati, ambayo sikuwahi kuiandika popote kwa kuwa hakuna mtu aliyehitaji kuandikiwa, ni kwamba aliyekwama leo ndiye wa kwanza kesho, na wa kesho husogea. Ami aliniuliza, kwa upole ulioniumiza, "Mwanangu, nani alikwambia msafiri aliyekwama ataka pesa?"

Hakuna aliyeniambia. Kiunzi kilinipa nafasi tupu iliyoandikwa "fidia hapa", nami nikajaza lililo rahisi kwangu. Tulilibadilisha: safari ikiahirishwa, viti huhamia maji yanayofuata na waliokwama wakiwa mbele, na anayetaka pesa huomba. Zile siku tatu za kukaa na manahodha kuuliza "na ikiwa hivi je?" zilikuwa na faida kuliko mwaka mzima wa kusoma maelezo. Niligundua kwamba wanazo hatua za kufidia kwa karibu kila jambo. Isipokuwa ujumbe mfupi. Ukishatoka umetoka, unaweza tu kutuma wa pili wa kuomba radhi.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari za pwani hii ya Afrika Mashariki zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya na Tanzania kwa siku kadhaa. Seva zetu ziko Afrika Kusini, na upande tuliohitaji kupita ndio huo uliokatika. Nilikaa na kompyuta nikitazama duara likizunguka. Hakuna nilichoweza kufanya, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba hakuna nilichopaswa kufanya: hadithi zilikuwa zimelala kule kitabuni, kila moja kwenye mstari wake. Mawasiliano yaliporudi ziliamka zenyewe. Hazikurudia, hazikupotea.

Boti lakini hazikulala. Siku zile zote Ami alipakia kwa daftari, abiria wakapanda kwa kutajwa majina, na wakafika. Kwa hiyo mfumo uliamka ukiwa na watu wanaosubiri safari walizokwisha kusafiri, na ukaanza kuwakumbusha wawahi gatini.

Tulikaa dakani siku mbili, yeye na daftari, mimi na kompyuta, tukifunga safari moja moja kwa mkono. Zote zilipatana isipokuwa mbuzi mmoja wa Kizingitini. Daftari lilisema alipanda Jumanne, kitambaa cha kijani shingoni. Mfumo ulisema bado anasubiri maji. Ami alikataa katakata kwamba daftari limekosea, nami sikuwa na ujasiri wa kutetea upande wa pili, basi nikampigia simu mwenye mbuzi. Akaniambia mbuzi alifika salama, na juzi amezaa.

Nikaifunga hadithi ile. Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika: walipanda 1, walifika 2.